Pesa ya Kukosa Kazi: Ni Sadaka au Ni Haki?



Katika toleo hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi swali ambalo limetufikia kwa simu zaidi ya mara moja, kutoka kwa watoto na ndugu zetu waliopelekwa kuishi Marekani kabla mlango ule haujafungwa kwa wengi mnamo Januari 2025. Swali lenyewe ni fupi. Mtu amefanya kazi kiwandani miaka miwili au mitatu. Kiwanda kimepunguza watu, naye yumo kati ya waliopunguzwa. Rafiki zake wanamwambia apeleke maombi kwa serikali ya jimbo ili alipwe pesa ya kukosa kazi. Yeye anasita. Anauliza: je, Mkristo anaweza kupokea pesa kila juma bila kufanya kazi, kisha Jumapili akasimama kanisani kuimba bila kuona haya?

Wapo wazee waliojibu upesi kwamba haifai, wakikumbusha onyo la mtume Paulo kwa Wathesalonike juu ya kazi na chakula. Wapo vijana waliojibu upesi zaidi kwamba pesa ya Wazungu ni pesa tu, ichukue. Sisi tunaona kwamba majibu yote mawili yamelikimbia swali. Na kwa kuwa pesa hiyo mara nyingi huishia katika simu zetu hapa makazini, swali hili si la watu wa mbali peke yao.

Kwanza tuelewe pesa hiyo inatoka wapi, maana wengi wetu tunadhani ni msaada kama mgao. Sivyo. Ni bima. Jimbo la kwanza kule Marekani kuweka sheria yake lilikuwa Wisconsin, mwaka 1932, wakati mamilioni ya watu walikuwa wamekosa kazi kwa sababu ya mdororo mkubwa wa uchumi. Mwaka 1935, chini ya Rais Franklin Roosevelt, sheria ya nchi nzima iliyafanya majimbo yote yawe na mfuko wa namna hiyo. Tangu hapo, mwajiri hulipa kodi kwa ajili ya kila mfanyakazi aliye naye, na kodi hiyo huingia katika mfuko. Katika majimbo machache, kama New Jersey, Pennsylvania na Alaska, mfanyakazi naye hukatwa kidogo katika mshahara wake. Siku kazi inapokwisha bila kosa lake, mfuko humlipa sehemu ya mshahara aliokuwa akipata, mara nyingi karibu nusu, kwa muda uliowekwa.

Sasa tufikiri juu ya vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Kila mkutano tunatoa pesa ya hisa, na pembeni tunatoa kidogo kwa ajili ya mfuko wa jamii. Mama akifiwa, au mtoto wake akilazwa, mfuko ule unamsaidia. Je, mama huyo ameomba omba? Hakuna mtu katika kikundi anayesema hivyo. Amepokea kile ambacho wote walikubaliana kukiweka kwa ajili ya siku kama ile, na yeye alikuwa mmoja wa waliokiweka. Lakini akija mtu akasema amefiwa na mjomba, kumbe mjomba yuko hai anapalilia mihogo, kikundi kizima kitakasirika. Kitakasirika si kwa sababu mtu amepokea, bali kwa sababu ameongopa, na kwa sababu kisanduku kina kiasi chake. Alichochukua yeye ni kile ambacho mwenzake atakikosa juma lijalo.

Tukishikilia mfano huu, sehemu kubwa ya swali imekwisha kujibiwa. Ndugu aliyefanya kazi usiku katika baridi ya kiwanda cha nyama hakupewa sadaka anapolipwa kutoka katika mfuko huo. Kazi yake mwenyewe ndiyo iliyomfungulia mlango, maana asiyekuwa na mishahara ya kutosha katika kipindi cha mwaka mmoja hivi uliopita hapewi kitu, hata awe maskini namna gani. Hapo ndipo pesa hii inapotofautiana na mgao wetu. Mgao unahesabu vichwa na mahitaji. Bima ile inahesabu kazi uliyoifanya. Ni ajabu kidogo kwamba watu waliosimama katika foleni ya mgao miaka kumi na tano bila kuona aibu, na hawakupaswa kuona aibu, wanaiona aibu wanapofikia kitu walichokitolea jasho. Labda ni kwa sababu kwenye foleni tulikuwa wengi, na mbele ya fomu mtu yuko peke yake.

Na onyo la Paulo je? Tulisome kwa makini. Mtume hakusema juu ya mtu anayekosa kazi. Alisema juu ya mtu asiyetaka kuifanya. Kati ya kutotaka na kukosa kuna bonde kubwa, na mtu akilitupa neno lile juu ya kila asiye na kazi anaweza kumwumiza mwenzake bure. Katika Injili ya Mathayo kuna mfano wa mwenye shamba la mizabibu aliyetoka jioni na kukuta watu wamesimama sokoni. Aliwauliza kwa nini wamesimama pale mchana kutwa. Wakamjibu kwamba hakuna mtu aliyewaajiri. Mwenye shamba hakuwatukana kuwa ni wavivu. Alilikubali jibu lao, kwa sababu lilikuwa kweli. Walikuwa wamesimama sokoni, mahali pa kutafutia kazi. Hawakuwa wamelala nyumbani.

Tunaupenda mfano huu hapa kwa sababu bima ya Marekani inamwuliza mtu karibu swali lile lile, tena kila juma au kila majuma mawili kufuatana na jimbo. Fomu inauliza: je, juma hili ulikuwa na uwezo wa kufanya kazi? Ulikuwa tayari kuipokea kama ingepatikana? Uliitafuta? Ulikataa kazi yoyote? Ulipata pesa yoyote? Ndugu anajibu kwa simu au kwa kompyuta, na chini yake anaweka neno kwamba yote ni kweli. Basi tunasema wazi kwamba uhalali wa pesa ile umekaa katika majibu hayo. Akijibu kweli, pesa ni yake kabisa. Akiongopa, hata kama alistahili juma lililopita, juma hili ameiba.

Hapo ndipo majaribu yanapoanza, na hatutaki kuyapita haraka.

Jaribu la kwanza ni kibarua cha pesa mkononi. Rafiki anamwita Jumamosi kuhamisha vitu vya watu au kusafisha nyumba, analipwa dola 80, na hakuna karatasi. Anajiambia kwamba serikali haitajua. Kumbe fomu ina mahali pa kuandika mapato ya juma hilo, na katika majimbo mengi mapato madogo hayaondoi malipo yote, hupunguza sehemu tu. Yaani sheria yenyewe imemwachia nafasi ya kusema kweli bila kufa njaa. Kinachotakiwa ni kuandika pesa katika juma alilofanya kazi, si juma alilolipwa, na kuandika jumla kabla ya makato. Wengi hukosea hapo bila nia mbaya, na baadaye huandikiwa barua ya kurudisha.

Jaribu la pili linatugusa sisi moja kwa moja. Ndugu hana kazi, ana muda, na hapa nyumbani kuna msiba au harusi. Tunamwambia, sasa njoo, huna mwajiri wa kukukataza. Lakini mtu aliye Uganda hayuko tayari kuanza kazi kesho asubuhi kule Ohio. Kwa kawaida majuma anayokuwa nje ya nchi hayalipwi, naye hana ruhusa ya kujibu fomu kana kwamba yuko nyumbani kwake, wala kumwachia mtoto simu ili amjibie. Akija, na aje, maana msiba ni msiba. Lakini majuma hayo ayahesabu kuwa hayana malipo.

La tatu ni la watu wanaojitolea kujaza fomu kwa malipo. Kujua kusoma ni neema, na kumsaidia asiyejua ni jambo jema. Lakini yule anayetaka nambari ya siri, kadi ya benki na nambari ya hifadhi ya jamii ya mwenzake abaki nazo yeye, huyo si msaidizi. Na hakuna haja ya kumtegemea. Ofisi za majimbo zinatakiwa kutoa mkalimani bila malipo kwa mtu asiyejua Kiingereza. Ndugu aombe mkalimani wa Kiswahili, au wa Kinyarwanda kama ndicho anachokisikia vizuri zaidi, wala asimtume mtoto wa darasa la tano kutafsiri mambo ya sheria. (Tumewahi kusikia tafsiri za watoto. Zina furaha nyingi na makosa mengi.)

Mtu anaweza kusema: serikali ile ni tajiri, dola 80 ni nini kwake? Tunajibu kwa kurudi kwenye kisanduku. Mwaka 2020, wakati wa korona, watu zaidi ya milioni 6 waliomba pesa hii kwa mara ya kwanza katika juma moja tu. Hata kiwanda kikubwa cha nyama cha Sioux Falls, katika jimbo la South Dakota, kilifungwa kwa muda mwezi Aprili, na wahamiaji na wakimbizi ni wengi katika viwanda vya namna hiyo. Serikali kuu iliongeza dola 600 kwa juma juu ya malipo ya jimbo, hadi mwisho wa Julai mwaka ule. Wezi nao wakaja, wengine wakitumia majina ya watu wasiojua lolote. Mwaka 2023 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria kwamba udanganyifu katika malipo ya kukosa kazi wakati ule ulifikia kati ya dola bilioni 100 na bilioni 135. Wizi kama huo huwafanya maofisa wakaze ukaguzi, na anayekazwa ni mwombaji mkweli mwenye jina gumu kutamkwa, ambaye malipo yake yanasimama miezi huku mtu akichunguza kama kweli yupo.

Aliyepatikana na udanganyifu hurudisha pesa yote, pamoja na adhabu isiyopungua asilimia 15, na kesi ya namna hiyo inaweza kumharibia hata karatasi zake za ukaaji. Tunataja hili, ingawa tusingependa hofu iwe sababu kubwa ya mtu kusema kweli.

Kwa upande mwingine, hofu isiyo na msingi nayo inawanyima watu haki yao. Wapo wanaodhani kwamba wakipokea pesa hii hawatapewa kadi ya kijani. Mkimbizi mwenye ruhusa ya kufanya kazi anastahili bima hii kama wengine, na ile sheria ya kumhesabu mtu kuwa mzigo kwa serikali haimhusu mkimbizi anapoomba ukaaji wa kudumu. Wapo pia waliokataliwa mara ya kwanza wakakata tamaa, wakifikiri neno la serikali halijibiwi, kama tulivyozoea huko tulikotoka. Barua ya kukataliwa huwa na tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, nayo katika baadhi ya majimbo ni siku 10 tu. Rufaa husikilizwa na ofisa anayefanya kazi ya hakimu, mara nyingi kwa simu, na mkalimani yupo. Wakati wa kungoja, mtu aendelee kujibu fomu yake kila inapotakiwa, maana juma lisilojibiwa linaweza kupotea hata akishinda. Na aliyepunguzwa kazi leo aombe juma hili hili, asingoje akiba iishe. Kwa kawaida mfuko haurudi nyuma kulipa majuma aliyokaa kimya.

Sasa tuje kwetu.

Pesa ikishamfikia ndugu kwa haki, sheria haimwulizi ameitumiaje. Anaweza kumtumia mama yake hapa makazini, na hakuna ofisa atakayemlaumu. Kwa hiyo swali linalobaki si la sheria. Je, sisi tuna haki gani juu ya pesa ile? Tumezoea kusema kwamba mtoto akipata, tumepata. Ni usemi mzuri, na umetulisha miaka mingi. Lakini tukiufuata mpaka mwisho wake, unatutaka tuseme pia kwamba mtoto akikosa, tumekosa. Hatuwezi kuwa ndugu wa mshahara tu.

Hebu tuhesabu kwa uaminifu. Mtu aliyekuwa akipata dola 700 kwa juma sasa anapata kama 350. Kodi ya nyumba haikupungua. Malipo hayo yenyewe yanatozwa kodi ya serikali kuu, na asipokubali wamkate asilimia 10 mapema, atadaiwa wakati wa hesabu za mwaka. Tena kuna mwisho. Majimbo mengi hulipa hadi majuma 26, lakini si yote: Iowa ilipunguza kutoka 26 hadi 16 mwaka 2022, na Florida inalipa si zaidi ya dola 275 kwa juma, kwa majuma 12 wakati kazi zinapatikana kwa wingi. Mtu wa namna hiyo anapopokea ujumbe wetu kwamba ada ya shule inatakiwa Ijumaa, anafanya nini? Akitukatalia, anaitwa mwenye moyo mgumu, aliyesahau mahali alipotoka. Asipotukatalia, anatafuta pengo, na pengo lililo karibu zaidi ni ile fomu. Anaandika sifuri mahali pa dola 80.

Tunaamini kwamba anayemsukuma mwenzake hadi pale ana sehemu yake katika ile sifuri, hata kama hakuiandika na hajui fomu inafananaje. Hili ni neno gumu, kwa sababu shida yetu si ya kubuni. Mei 2025 msaada wa chakula ulisimamishwa kwa wakimbizi wapatao milioni 1 hapa Uganda. Mama anayeomba ada hajifanyi. Bado tunasema kwamba njaa yetu inatupa ruhusa ya kuomba, lakini haitupi ruhusa ya kumtaka mtu mwingine auze neno lake. Tunaweza kumwuliza kwanza: umebakiza majuma mangapi? Kodi ya nyumba umelipa? Kisha tumwombe kile anachoweza, na akisema mwezi huu hapana, tuipokee hapana yake kama jibu la mtu mzima.

Liko jambo moja zaidi ambalo hatuwezi kulinyamazia. Ndugu yetu wa kule, akipoteza kazi, ana mfuko. Huyu wa hapa, aliyekuwa mkalimani katika zahanati au mhamasishaji wa usafi, na ambaye shirika lake lilipunguza watu mwaka 2025 misaada ilipokatwa, hana. Alifanya kazi ile ile kwa saa zile zile, akaenda nyumbani na shukrani. Je, jasho la mtu lina thamani moja upande huu wa bahari na nyingine upande ule? Hatuoni hoja yoyote ya kusema ndiyo. Tofauti imetokana na sheria na mifuko, na sheria na mifuko ni vitu ambavyo watu waliketi wakavitengeneza. Wisconsin kabla ya 1932 haikuwa nayo pia.

Hata hivyo, sheria ya hapa haiko tupu kabisa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo inataka mwajiri atoe notisi anapomwachisha mtu kazi: majuma mawili kwa aliyefanya zaidi ya miezi sita lakini chini ya mwaka, mwezi mmoja kwa aliyefikisha mwaka hadi mitano, miezi miwili kwa mitano hadi kumi, na mitatu kwa zaidi ya hapo. Mwenye mkataba wa ajira anapaswa pia kuwa katika mfuko wa NSSF, ambako yeye hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza 10, na tangu mwaka 2022 jambo hili ni lazima kwa mwajiri hata mwenye mfanyakazi mmoja. NSSF hailipi kwa kukosa kazi peke yake, lakini mwanachama aliyefikisha miaka 50 na kukaa mwaka mzima bila ajira anaweza kuomba akiba yake. Shida iko kwa wengi wetu walioandikwa kuwa watu wa kujitolea, hata kama walisaini daftari la mahudhurio kila asubuhi kwa miaka sita. Jina hilo la kujitolea linahitaji kuulizwa maswali, tena kwa adabu, na watu waliokuwa wakilibeba.

Waliopunguzwa kazi hapa makazini na wana mkataba, barua ya kuachishwa au nambari ya NSSF, wasizitupe karatasi hizo. Wazileteni kwa mashemasi baada ya ibada ya pili, ili wanaojua Kiingereza katika kanisa wazisome pamoja nao moja baada ya nyingine, na kila mmoja ajue notisi yake ilikuwa ya muda gani na kama ililipwa.